Venansi na Mizinga ya Egidius

Gitega, tarehe 28 Juni 2019

Kwa mzee wetu Venansi,

Baada ya miaka kumi na mitano ya kazi, Venansi anastaafu Jumapili hii, tarehe 30 Juni. Wenzake katika ushirika wetu wa wafuga nyuki wameniomba mimi, Kasilda wa chumba cha kukamulia asali, niandike habari zake katika jarida letu. Wamesema niweke na ya kuchekesha. Nitajaribu, ingawa mwaka huu kicheko kimekaa mbali nami.

Venansi ni mzaliwa wa Butihinda, huko mbali mkoani Muyinga, lakini alikulia Tanzania. Aliporudi Burundi mwaka 2004 alikuta mikalitusi imeota palipokuwa na nyumba ya wazazi wake. Alizunguka pale tangu asubuhi akitafuta mlango ulikuwa upande gani. Hakuupata. Akamwachia dada yake Christina shamba, akaja Gitega kutafuta kazi.

Hapa alipangwa pamoja na marehemu mume wangu, Egidius, kukagua mizinga ya wanachama. Egidius alimwita Mtanzania, kwa sababu aliwapa wazee wa kule Mutaho shikamoo, salamu isiyotumika huku kwetu, nao wakabaki wanamtazama. Tena Venansi alikuwa na tabia ya kuendesha baiskeli akiwa amevaa wavu wake wa nyuki, eti unazuia vumbi. Siku moja sokoni mama muuza ndizi alipomwona aliacha ndizi zake akakimbia. Egidius alisimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka mama huyo alikimbia mbali zaidi.

Kwa wanachama wapya, somo la Venansi lilikuwa moja. Nyuki mchanga, alisema, hatoki mara moja kwenda kutafuta maua. Kwanza anageuka, anautazama mzinga, anaruka kushoto na kulia, kisha anapanua mzunguko. Anajifunza mti, jiwe na paa la nyumba. Akienda mbali, jua linamwonyesha upande wa kurudi. Alimalizia hivi: "Nyuki haujui mzinga. Anajua mahali."

Nilisikia maneno hayo miaka mingi bila kuyajali.

Egidius alifariki mwezi wa Januari. Hatukujaliwa mtoto. Mizinga yake minne, aliyoisuka na kuipaka samadi kwa mikono yake, ndiyo iliyobaki na uhai katika boma letu. Baada ya kuondoa matanga, ukoo uligawa shamba kwa amani, na sehemu ya chini ikamwangukia shemeji yangu Nazario, aliyerudi kutoka Tanzania. Mizinga ilikuwa huko. Nazario ni mtu mwema. Alingoja jioni nyuki wote wawe ndani, akaibeba polepole hadi nyuma ya nyumba yangu ili nisipate taabu ya kushuka.

Kesho yake nyuki walitoka kama kawaida. Wakati wa kurudi walishuka kule chini, kwenye mawe matupu yaliyokuwa yamebeba mizinga. Mvua ya Machi iliwanyeshea hapo. Niliwakuta wameshikana juu ya mawe kama tope jeusi, wengi hawatikisiki tena. Nikajua namzika Egidius mara ya pili.

Nilimwita Venansi. Nazario alisimama akishika kichwa. "Jamani, nimesogeza kidogo tu! Hata mtu akiita kule, huku anasikika!"

"Ndiyo kosa lenyewe, bwana," Venansi akajibu. "Ungewapeleka Muyinga wasingepotea."

Nazario alidhani anatukanwa. Lakini Venansi alikuwa ameshapiga magoti, akiwazoa walio hai kwa unyoya wa kuku na kuwatia kikapuni. Alituambia kwamba mahali pakiwa karibu, nyuki anaona miti ileile na anafuata njia ya zamani. Mahali pakiwa mbali, haoni chochote anachokijua, hivyo analazimika kujifunza upya.

Jioni hiyo aliziba milango ya mizinga kwa majani, akaipakia kwenye pikapu ya ushirika na kuipeleka hadi Butihinda, kwa Christina. Ilikaa huko wiki kadhaa, mpaka njia ya zamani ikawatoka. Mzinga mmoja ulikufa hukohuko. Mitatu aliirudisha nyuma ya nyumba yangu, akasimamisha tawi la majani mbele ya kila mlango. Nyuki walitoka, wakagonga majani, wakageuka na kuning'inia hewani wakitazama.

"Wanatuangalia," Nazario akanong'ona.

"Wewe una nini cha kuangaliwa?" Venansi akasema. "Wanasoma mahali."

Tulikaa hadi mchana. Walirudi nyuma ya nyumba. Mawe ya chini yalibaki matupu, nami nililia kwa sababu zote mbili: nyuki wamerudi kwangu, na mahali alipowaweka Egidius hapana kitu tena.

Mzee Venansi, kwa niaba ya wote wa Gitega, asante kwa mikono yako na uvumilivu wako. Tunasikia umejenga Butihinda, kando ya mikalitusi. Mungu akupe afya, na uzee wako uwe mtulivu kati ya watu wako. Mimi sina zawadi. Nina ombi tu: ukiwafundisha watu wa huko kufuga nyuki, mtaje na Egidius, kwamba mlifanya kazi hii pamoja. Nami unikumbuke.

Kasilda