Mama Njuga wa Chumba cha Mazoezi
Na Mercy Simon, Kitengo cha Fiziotherapia

Mlio wa njuga ndogo bado uko masikioni mwangu. Kwa miaka mingi umemtangulia Bi. Theopista Lusambo, mtaalamu wetu wa fiziotherapia, anayestaafu Juni 30 mwaka huu baada ya miaka thelathini na miwili kazini.

Alianzia Karema, akahamia Mpanda mjini wakati chumba cha mazoezi kilikuwa na mkeka mmoja tu. Watoto wenye mtindio wa ubongo waliletwa wakiwa mgongoni, na kila mzazi aliuliza kama mwanawe anaendelea vizuri. Bi. Theopista hakupenda kukisia. Alipima kwa rula na saa, baadaye akawarekodi kwa video. Lakini namba hazikuwaingia wazazi. Ndipo akawafunga watoto njuga kiunoni, kama wachezaji ngoma wanavyozifunga miguuni. Mtoto akiyumba inalia, akitulia inanyamaza, na mzazi anasikia mwenyewe.

Bibi mmoja wa Kakese aliuliza kama mjukuu wake analetwa kliniki au ngomani. Jina la Mama Njuga likaanzia hapo.

Vituko havikukosekana. Donatille, mama kutoka kijiji cha Mamba, alielewa kwamba kimya ndicho kufaulu. Akaenda kumwegemeza mwanawe Kelvin ukutani mwezi mzima, asitikisike. Bi. Theopista aliposikia alicheka hadi akakaa chini, kisha akamweleza kwamba mtoto asiyeliza njuga hajajaribu. Kelvin akaachiwa. Aliyumba, akaanguka mkekani, akainuliwa, akaanza upya. Machi mwaka huu alisimama katikati ya chumba bila kushikwa, na njuga ikanyamaza. Donatille alipiga vigelegele. Wagonjwa waliokuwa foleni nje wakaitikia bila kujua sababu. Kisha Kelvin akapiga hatua, ikalia, na safari hii hakuna aliyetaka inyamaze.

Kitu kimoja kilimnyima raha Bi. Theopista: kliniki ya Mamba, aliyoianzisha mwenyewe na kuifuata huko kijijini. Akiondoka yeye, hakungekuwa na mtu wa kwenda, na watoto wale wangerudi kukalishwa ukutani.

Mama, asante. Kalime mpunga wako kwa furaha, na magoti uliyoyachosha mkekani yapate nafuu. Kuhusu Mamba, lala usingizi. Ombi langu la kuhamia Mwanza nimeliondoa, na Jumanne iliyopita nilikuwa kule na njuga. Kelvin alifika wa kwanza.