Mwalimu Ambaye Hakukitetea Kitabu Changu

Mheshimiwa Afisa Elimu, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi, ndugu wageni waalikwa, nanyi wanafunzi mlioketi chini huku mbele mkiomba moyoni nisiongee sana, salaam kwenu nyote.

Nimeombwa nimuage mwalimu wa darasa la nne anayestaafu leo, yule ambaye watoto humwita Mwalimu Polepole, na ambaye amelijua jina hilo miaka yote akijifanya halijui.

Mimi ni mwandishi wa vitabu vya mizimu. Si mizimu ya kutisha. Yangu hupotea njia, hupiga chafya makabatini na kuogopa paka. Naiandika kwa sura fupi na herufi kubwa, kwa ajili ya mtoto ambaye akiona kitabu hukumbuka ghafla kwamba anataka kwenda chooni.

Darasani kwa Mwalimu palikuwa na binti wa namna hiyo. Leo ni msichana mkubwa, amekaa pale karibu na dirisha, na ameniruhusu nisimulie kwa sharti kwamba nisimtaje jina wala nisimfanye wa kuonewa huruma. Nitajitahidi.

Mwalimu alimpa kitabu changu kuhusu bibi aliyefariki, ambaye mzimu wake ulirudi nyumbani kutafuta meno yake ya bandia. Binti alikisoma chote, akakirudia. Hakuwahi kumaliza kitabu kabla ya hicho. Mwalimu alinipigia simu kunipa habari, nami nikatembea kifua mbele wiki nzima.

Kisha akapiga tena. Baba wa binti, fundi wa kuchomelea, alikuwa amekuja shuleni na kitabu mkononi. Nilifika nikiwa nimejiandaa kwa maneno mazito juu ya ubunifu na akili ya mtoto. Tukaketi chumba cha walimu, katikati ya marundo ya madaftari ya kusahihishwa.

"Sina ugomvi na kitabu," baba alisema. "Hata mimi nimecheka. Lakini mama yake tumemzika juzi juzi tu. Sasa kila jioni mtoto anatoa ndala za mama yake, anazipanga mlangoni. Anamsubiri."

Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungejibu nini? Mimi nilianza, "Fasihi ya watoto, mzee wangu..."

"Mwandishi, subiri," Mwalimu akanikatiza, kwa upole uleule mnaoujua. "Baba ana haki. Mtoto amekuuliza swali kupitia kitabu chako. Mjibu mwenyewe."

Akaenda kumwita.

Binti aliingia, akasimama karibu na goti la baba yake, akanitazama. "Yule bibi alirudije?"

"Mimi ndiye niliyemrudisha," nikasema. "Niliandika tu."

"Na mtu wa kweli?"

Nilimgeukia Mwalimu nikitafuta msaada. Hakunipa.

"Mtu wa kweli harudi," nikasema.

"Hata kama amesahau kitu?"

"Hata kama amesahau kitu."

Alilia. Baba yake alimpakata kama mtoto mchanga, na mimi nikaona heri nisingeandika kitabu kile. Mwalimu hakumnyamazisha. Alingoja mpaka kilio kikaisha chenyewe, ndipo akavuta kiti karibu.

"Nyumbani mama harudi, mwanangu," akamwambia. "Ila kwenye hadithi anaweza kuja. Siku ukitaka aje, niambie nikupe karatasi."

Siku hiyo hakutaka. Wala wiki ile. Mwalimu hakumkumbusha, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba jina alilopewa na watoto lilikuwa sifa.

Muhula uliofuata ndipo binti alipoomba karatasi. Siku ya wazazi nilialikwa, nikakaa nyuma. Baba alisimama mbele ya darasa na hadithi ya mwanawe, akasoma jinsi mzimu wa mama ulivyokuja kukagua nyumba, ukakuta chai imetiwa chumvi na shati la shule limeanikwa juu ya mtungi wa gesi wa fundi. Kisha ukamkuta baba akihangaika kumsuka binti yake. Ukasema, "Baba yake, hizo ni nywele, si geti."

Darasa zima liliangua kicheko. Baba naye alicheka, akacheka mpaka sauti ikamkatikia katikati ya mstari, akabaki ameshika karatasi hawezi kuendelea.

Binti akainuka. Hakuomba kwenda chooni. Alichukua karatasi mkononi mwa baba yake, akasoma mbele ya watu wote, bila kuruka neno, mpaka pale mama alipotazama msuko wa mwisho, akasema huu sasa unapendeza, akaondoka zake.

Ndipo Mwalimu alipotoa leso.

Mwalimu wangu, watu wengi wamevisifu vitabu vyangu, na wachache wamenipigania. Wewe siku ile hukunitetea. Ulimtazama mtoto kwanza, na mimi na kitabu changu tukangoja zamu yetu. Tangu hapo, kila nikiuandika mzimu wa kuchekesha, najiuliza ni nani atakayeusoma, na nani amekosekana nyumbani kwake. Naandika polepole zaidi. Nadhani naandika vizuri zaidi.

Nakutakia mapumziko mema, Mwalimu. Nanyi nyote, pamoja na ninyi wa huku chini mliovumilia mpaka mwisho, asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.