Tope Umeliweka Wapi?

Fundi mitambo, punguza muziki. Punguza tena kidogo. Hapo, asante.

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto, maana sitaki mtu aniulize kesho nilisema nini. Leo tunamkumbuka mwalimu mmoja wa chuo. Alifundisha wahandisi hesabu za maji. Ndiyo, maji yana hesabu zake: yanavyosukuma, yanavyopita kwenye bomba, yanavyotafuta pa kutokea. Mwalimu huyu alifariki mwaka jana, msimu wa mvua kama huu. Alifia chini ya ukuta wa bwawa, ameshika gurudumu la koki kwa mikono miwili. Nawaambia mapema alivyokufa, ili msije mkakaa mnasubiri apone. Hakupona.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Chukulia. Jina walilitoa mdomoni mwake mwenyewe. Kila Ijumaa aligawa karatasi ya mazoezi, na kila swali lilianza hivyo hivyo. Chukulia bomba ni laini kwa ndani. Chukulia hakuna upepo. Chukulia maji ni safi. Hilo la maji safi lishikeni, wapendwa. Lishikeni vizuri. Majibu yalichapwa nyuma ya karatasi, mwanafunzi ajipime mwenyewe. Na wanafunzi mnawajua: nusu ya darasa walianzia nyuma, kisha wakatafuta njia ya kurudi mbele.

Mjane wake amekuja hapa studio wiki hii. Mama mpole, ila ulimi anao. Ameniambia, "Nyumba yangu haikuwahi kukauka. Siku moja alichukua kopo la mafuta, akalitoboa matundu matatu, moja juu, moja katikati, moja chini. Akalijaza maji sebuleni ili watoto waone. La juu likatiririka kivivu. La chini likaruka mpaka kwenye kochi. Akaniambia, 'Mke wangu, umeona? Maji hayasukumi kwa wingi wake. Yanasukuma kwa kina chake.' Nikamwambia ninachokiona mimi ni zulia langu."

Alicheka alipofika hapo, kisha akaomba leso. Fundi mitambo alimpa ya kwake.

Sasa, katika mazoezi yote ya Mwalimu, moja lilipendwa kuliko mengine. Waliliita swali la mlango. Nitawasomea, msiogope, mimi mwenyewe hesabu zilinishinda mapema. Mlango wa chuma umesimama chini kabisa ya ukuta wa bwawa. Juu umeshikwa na bawaba, chini umefungwa kwa komeo. Kina cha maji ni hiki na hiki. Chukulia maji ni safi. Komeo linabeba mzigo gani? Basi. Aliliandika akiwa kijana, akalipenda, akawa analirudia mwaka hadi mwaka, anabadilisha tarakimu tu. Wahandisi wote wa mji ule walipita kwenye mlango huo wa karatasi.

Jumapili moja mchana, mmoja wao akaja kumtembelea nyumbani. Huyu ndiye aliyekuwa mhandisi wa bwawa la mji, mwanafunzi wake wa zamani, na tena wa mbele darasani. Alikuja na kreti ya soda na uso wa bwana harusi. Mlango wa zamani wa bwawa ulikuwa umeliwa na kutu, naye alikuwa amemaliza kuweka mpya.

Mjane anakumbuka maneno yao. Alikuwa anafungua soda.

Mhandisi alisema, "Mwalimu, shikamoo. Lile swali lako la mlango nimelijenga."

"Marahaba mwanangu. Umelijenga vipi?"

"Kwa chuma! Nimeweka vipimo vya bwawa letu kwenye swali lako, hatua kwa hatua, nikapata mzigo wa komeo, nikaagiza komeo. La zamani lilikuwa nene mno. Wazee wetu walipoteza chuma bure."

Mwalimu alifurahi, wapendwa. Kwani nyinyi mngekuwa yeye msingefurahi? Aliinuka akamkumbatia. Kisha, mjane anasema, furaha ikamtoka usoni huku bado amemshika yule kijana mabegani. Akamuuliza polepole, "Tope umeliweka wapi?"

"Tope gani, Mwalimu? Swali halikuwa na tope."

Mnaielewa hiyo? Narudia kwa aliyeingia sasa hivi. Kwenye karatasi maji ni safi. Kwenye bwawa la kweli mto unaleta udongo kila mvua, udongo unatua chini, na chini ndiko uliko mlango. Tope ni maji yaliyobeba ardhi mgongoni. Linasukuma kuliko maji matupu. Wale wazee hawakupoteza chuma hata kidogo. Walilijua tope lao. Na komeo jipya lilitengenezwa kwa maji yasiyokuwepo.

Soda hazikunyweka siku ile.

Chini ya bwawa kuna mtaa. Vyumba vimebanana, kamba za nguo zinakatiza vichochoro, watoto wanachezea mtaro ulio mkavu karibu mwaka mzima. Katika mtaa huo aliishi mdogo wake Mwalimu wa kike, fundi cherehani, majirani wanamwita Mama Uzi. Mwalimu alikwenda kwake kesho yake akamwomba ahamie nyumbani kwake, yeye na watoto. Mama Uzi mwenyewe kanisimulia kwa simu, na sauti yake hata bila simu ingefika hapa.

"Nikamwambia, kaka, hesabu zako ziache darasani. Mimi nina magauni sita ya harusi yananingoja. Nikihama, wateja wananipata wapi? Ukuta ule nimeukuta, na utaniacha. Kaka akakaa kwenye kigoda akaitazama cherehani yangu muda mrefu."

Akaenda pia ofisi ya maji kuomba kina kipunguzwe. Walisema bwawa haliwezi kupunguzwa hivi hivi, maji ni ya mji mzima, asubiri kikao. Akasubiri. Kikao kikaahirishwa. Mnajua kwa nini? Kwa sababu ya mvua. Ee Mola! Mvua ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inaleta tope, halafu ndiyo ikawa kisingizio cha kutokutana.

Basi Mwalimu akawa anakwenda bwawani kila Jumamosi. Alifunga kipande cha bati kwenye kamba, akakishusha mlangoni mpaka kigote kwenye tope. Kamba ikiingia ndefu, tope liko mbali. Ikiingia fupi, limepanda. Mlinzi wa bwawa anasema kila Jumamosi kamba ilikuwa fupi kuliko Jumamosi iliyopita. Naye mlinzi, mtu wa mizaha, akawa anamtania, "Mwalimu, leo umepata samaki?" Baadaye akaacha kumtania. Akawa anamshikia mwavuli, wote wawili wanaangalia ile kamba.

Nyumbani Mwalimu alikuwa hali chakula vizuri. Mkewe alimsikia chooni akijisemea, "Ni mimi niliyeandika maji safi." Akamgongea mlango, akamwambia, "Baba watoto, wewe uliandika swali tu." Akajibu kutoka ndani, "Na yeye alijenga swali tu. Nani basi aliyejenga mlango?"

Nililisikia neno hilo nikavua miwani.

Tukaja siku yenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi bila kukata. Mchana Mwalimu alipakia darasa zima kwenye lori la chuo, akawapeleka bwawani. Walidhani ni somo la vitendo. Wengine walibeba vitafunio! Aliwakusanya kwenye kibanda cha mlinzi, akawapa swali la mlango bila karatasi. Bawaba ile pale, komeo lile pale. Kina pimeni wenyewe. Tope pimeni wenyewe. Komeo linaweza kubeba kadiri hii. Je, linabeba kiasi gani sasa hivi?

Kiranja wa darasa, binti mrefu mwenye sauti nzito, ameniambia hivi: "Darasa letu ni la ubishi. Swali moja linatoa majibu manne, na kila jibu lina mashabiki wake. Siku ile kila mtu alimaliza akamtazama mwenzake. Jibu lilikuwa moja. Komeo lilishapita uwezo wake. Nikamuuliza, Mwalimu, nyuma panasemaje? Akasema, 'Safari hii nyuma hakuna majibu. Huko chini kuna mtaa. Kimbieni, gongeni kila mlango, watu wapande mlimani.'"

Wakakimbia. Lakini yule kiranja, Mwalimu alimvuta mkono kwanza. Akamwambia, "Ukifika kwa mdogo wangu, fundi cherehani, usibishane naye, utapoteza muda. Chukua cherehani ukimbie."

Na ndivyo alivyofanya! Mama Uzi anasema, "Namwona msichana kaingia kalowa chapachapa, hata hodi hakupiga. Kainyanyua cherehani yangu ya mkono, huyo! Nikapiga kelele mwizi, mwizi! Nikamfukuza kichochoro kwa kichochoro, wanangu nyuma yangu, majirani nyuma ya wanangu. Tulimkamata mlimani. Nikainua mkono nimzabe kofi. Ndipo nikausikia ule mlio."

Mlio gani, nikamuuliza.

"Kama mlango mkubwa unaofungwa na mtu aliyekasirika. Mara moja tu. Halafu mtaa wetu ukawa hauonekani."

Watu walikuwa wametoka, wapendwa. Narudia, watu walitoka. Wa mwisho alikuwa kinyozi aliyerudi kuchukua redio, wakamburuta na mashine ya kunyolea mkononi. Vyumba vilikwenda, magauni sita yalikwenda, lakini watu walitoka wote.

Isipokuwa Mwalimu.

Alikuwa chini ya ukuta na yule mhandisi, ambaye alikuja na ufunguo wa koki bila ruhusa ya ofisi. Walikuwa wanajaribu kufungua koki kubwa ya kutolea maji, wapunguze kina hata kidogo, wanafunzi wapate nafasi ya kugonga milango. Koki ilikuwa imeng'ang'ania kwa tope. Ikawa inafunguka nywele kwa nywele. Mwalimu akamwambia mhandisi apande stoo akalete bomba refu la kuchomeka kwenye gurudumu, waongeze nguvu. Mhandisi akapanda ngazi. Alikuwa mlangoni pa stoo komeo lilipokatika.

Mhandisi huyo haongei siku hizi. Nilimpigia simu mara nyingi. Mara ya mwisho alipokea, akasema sentensi mbili, akakata. Alisema, "Lile bomba lilikuwepo pale pale chini, nyuma ya Mwalimu. Sijui mpaka leo kama hakuliona."

Kwa mjane wa Mwalimu, mama yetu mpole, pole sana. Zulia lako lilowe mara mia, kama lingeweza kumrudisha. Kwa watoto wake, poleni. Kwa Mama Uzi na wanao, poleni. Kwa wanafunzi mliogonga milango ile, poleni, na ahsanteni. Na kwako mhandisi, kama unasikiliza, familia ya marehemu imeniagiza niseme hadharani: wanakuita mwana, njoo nyumbani. Mwenyezi Mungu amlaze Mwalimu Chukulia mahali pema.

Tafakari yetu leo ni fupi. Bwawa limejengwa upya. Mlango mpya upo, na tope limo kwenye hesabu, hadi kimo cha kiuno cha mtu mzima. Likizidi hapo, ofisi ya maji inatakiwa ilizoe. Nimeuliza kama limewahi kuzolewa. Nimeambiwa jambo hilo linasubiri kikao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta tumeshaujenga, wapendwa, na wahenga hawakutuambia baada ya hapo tufanye nini. Mtaa nao umejaa tena, kamba za nguo zimerudi, watoto wamerudi mtaroni. Mama Uzi alirudi vilevile, maana wateja wake ni wa huko.

Kila Jumamosi huwa ananipigia simu kunieleza kamba ya kupimia tope imeingia kiasi gani. Bati la kaka yake analo yeye sasa, na mlinzi anamshikia mwavuli. Jumamosi iliyopita hakupiga. Nikampigia mimi jana, nikasikia watoto, nikasikia vyombo vinapangwa. Nikamuuliza, Mama Uzi, uko wapi? Akasema yuko kwa wifi yake, mjane wa Mwalimu. Nikamuuliza, na cherehani?

Akasema, "Nimehama nayo. Safari hii nimeibeba mwenyewe."