Mzee Thaddée Ngongo Anaiacha Meza ya Malalamiko

Tarehe 31 Machi 1966 Mzee Thaddée Ngongo anastaafu, baada ya miaka ishirini na mitano kwenye meza ya malalamiko ya halmashauri yetu. Umri ulimruhusu miaka minne zaidi. Nimeombwa niandike wasifu wa kuchangamsha, nitajaribu.

Aliajiriwa mwaka 1941, karani kijana mwenye mwandiko mzuri kuliko wa wakubwa wake. Hakuwa na upendeleo. Mkewe, Mama Honorine, alipoleta barua kuhusu mtaro unaonuka, Mzee aliirudisha kwa kuwa haikuwa na tarehe. Siku hiyo alikula ugali bila mboga.

Uhuru ulipofika, mkubwa wetu Mbelgiji aliondoka na ufunguo wa sanduku la muhuri. Kwa wiki saba Mzee aliandika chini ya kila karatasi, "Muhuri utafuata", hata watu wakamwita hivyo sokoni. Mkubwa mpya alizitupa karatasi hizo zote, na wenye shida wakaanza upya. Mzee aliumia sana, akaapa kwamba hakuna karatasi itakayotoka tena mezani pake bila muhuri.

Kiapo hicho ndicho kilichomponza Mama Kadija Sumaili, fundi cherehani aliyepanga chumba cha halmashauri kule mtaa wa Rugenge. Mwaka 1964 waasi waliuteka mji, wakatuletea muhuri wao, nasi tukaendelea na kazi. Mkataba wa Mama Kadija ulikuwa unaisha. Alimsihi Mzee angoje vita vipite kwanza. Mzee alikataa, akaandika mkataba mpya na kuugonga muhuri wa waasi.

Jeshi la serikali liliporudi, halmashauri iliuona muhuri ule, ikasema Mama Kadija ni mtu wa waasi, ikapiga kufuli mlango wake, cherehani ikiwa ndani. Mzee alimwandikia malalamiko kumi na moja. Hayakujibiwa hata moja. Kila Jumatatu mama huyo alikuja ofisini, na kila Jumatatu alipewa pole. Siku moja alituambia sote kwa sauti: "Minye siko na haja ya pole yenu. Niko nataka mulango yangu. Batoto batakula pole?"

Naona aibu kuliandika, lakini wasifu bila hili ungekuwa uongo.

Februari mwaka huu, wajumbe wa halmashauri walipokuwa wamekaa, Mzee aliingia bila kuitwa. Alisema muhuri ule aliugonga yeye, mpangaji hakuutaka, na kama ni kosa aandikiwe yeye. Waliandika. Kufuli liliondolewa Ijumaa. Barua ya kumstaafisha ilifika Jumamosi. Cherehani imeshika kutu, lakini Mama Kadija ameanza kushona.

Mzee Thaddée, tunakushukuru kwa kutufundisha kazi, na kwa uvumilivu wako kwetu. Wajumbe walipokuuliza ni karani gani mwingine aliyeutumia muhuri wa waasi, ulijibu kwamba ulikuwa peke yako. Tulikuwa sita. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakusikia, nikanyamaza. Meza tunazofanyia kazi leo umetuachia wewe.

Tunakutakia afya na miaka mingi ya amani nyumbani kwako, na tunakuomba utusamehe.

Firmin Bahati, karani