Kompyuta Iliungua, Kazi Ikabaki Hai

Assalamu aleikum, ndugu zangu! Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na leo sitanyamaza.

Mimi ni Hodhan, naandika programu za kompyuta hapa Garissa. Nyumbani kwetu mtu hahesabu ngamia wake mbele ya watu, anaogopa jicho la husuda. Nami kazi yangu niliificha vivyo hivyo! Sikutaka nakala ikae kwa mtu yeyote. Stima ikipotea kabla sijahifadhi, nalia, naanza upya.

Binamu yangu Halima wa Wajir alichoshwa na vilio vyangu. Alipokuja kututembelea aliketi kwenye kompyuta yangu, akaipanga ili kazi ijihifadhi yenyewe kila ninapoandika, na nakala iende kwa mtandao hadi kwenye kompyuta yake kule Wajir. Walahi nilimkasirikia! Nilimwambia ataniletea jicho. Akacheka, akanywa chai yake, akakataa kuiondoa.

Sasa sikilizeni. Nilikuwa natengeneza programu ya kuwapigia wafugaji simu, tena na tena hadi wapokee, na kuwaambia kwa Kisomali kisima kipi kina maji. Asubuhi moja habari ikaja kwamba mashine ya kisima kimoja upande wa Buna imeharibika. Wafugaji walikuwa wameshaanza safari kwenda huko, baba yangu akiwa mmoja wao, nimempigia mara kadhaa hapatikani, na namba zao zote zimo ndani ya ile programu. Nilikuwa namalizia sehemu ya mwisho, stima ikaja kwa nguvu kupita kiasi. Kompyuta ikatoa moshi, ikafa.

Nilishika kichwa. Wanyama wakifika kwenye kisima kisicho na maji, hawana nguvu ya kugeuka, na wenyewe hufa kiu huko pamoja nao. Nikampigia Halima. Akafungua kompyuta yake, akaitafuta.

"Abaayo, dada yangu, iko hapa," akasema. "Hadi neno uliloliacha katikati."

Mwili ulinisisimka, ndugu zangu! Sikuwa nimehifadhi chochote kwa mkono wangu, na bado kazi ilikuwa imetunzwa yote. Nikamwelekeza, akamalizia yeye, na simu zikaanza kulia huko porini.

Jioni baba akapiga. Walikuwa wamegeuza njia mapema kwenda kisima chenye maji. Hakusema mengi, aliielekeza simu kwenye hori, nikasikia ngamia wakinywa. Subhanallah! Nililia mpaka watoto wa jirani wakaja kuchungulia.

Namshukuru Mungu aliyemtia Halima ukaidi. Na wewe unayesema utahifadhi baadaye, usiuamini mkono wako. Mpe nakala mtu unayemwamini, leo, kabla hujatoka hapa. Baba yangu yuko hai na ngamia wake kwa sababu kazi yangu haikuwa yangu peke yangu.