Jiwe la Fabien Kabla Kitambaa Hakijavutwa

Mgeni rasmi, Bwana Elliot Kafula, Mkurugenzi wa kampuni ya marumaru, mjumbe wa chifu, wachungaji wetu, majirani na watoto wote mliofika:

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo walivyosema waliotutangulia, nasi tumekungoja tangu asubuhi ili tujue tutaponywa ugonjwa gani.

KARIBU LIBWE

Tunakukaribisha kwa moyo mmoja, ila macho yetu ni mengi. Utusamehe. Watu waliowahi kuzikimbia nyumba zao huusoma uso wa mgeni kabla ya kumpokea mkoba.

Fulana ulizotutumia tumezipokea na tumezivaa, kama unavyoona. Kitambaa chake ni kizuri. Kifuani zina picha ya kilima chetu cheupe, na ziwa Mweru nyuma yake. Picha hiyo tumeitazama sana. Kilima kipo, ziwa lipo, hata ule mchikichi ulio mlangoni mwa kanisa upo. Kijiji hakipo. Labda mchoraji alikosa nafasi.

Risala hii inasomwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho tulichokivusha ziwa bila kukilowesha. Mama Febby, jirani yetu aliyezaliwa hapa, atakugeuzia kwa Kibemba. Tumemwomba asipunguze chumvi wala asiongeze sukari.

TULIKOTOKA, NA DESTURI YA MAWE

Wengi wetu tulizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo. Vita vilitutupa kwenye ufuko huu, wenyeji wakatupokea, wakatuonyesha pa kupanda mihogo na pa kuanika chisense, wale dagaa wadogo ambao ndio mshahara wetu. Kilima hiki walikwisha kukiita Libwe, yaani jiwe, kabla sisi hatujakiona.

Ziwa hutulisha, lakini nalo hula. Kuna wanaozama na kisirudi hata kiatu. Kwetu sisi, matanga hayaondolewi bila mwili kuzikwa. Mjane hubaki amefungwa: hasuki nywele, hacheki hadharani, hauzi sokoni. Akina mama waliofika mwanzo waliona wenzao wakifungwa hivyo mwaka baada ya mwaka, wakatafuta njia.

Njia yenyewe ni hii. Familia hupanda kilimani ikachagua jiwe jeupe lililolala peke yake. Hulishusha hadi ufukoni, hulikosha kwa maji ya ziwa, kisha hulikamulia ndimu, kama tunavyomkosha maiti. Marumaru si kama mawe mengine, mgeni rasmi. Ikiguswa na ndimu hutoa povu dogo, na ukiinamisha sikio utasikia kama mtu anayeshusha pumzi. Hapo wote tunasema, "Amepumua. Amefika." Jiwe huwekwa likitazama maji, na mjane hufunguliwa siku hiyo hiyo. Tulijaribu na yale mawe meusi ya bondeni. Hayakujibu.

Sasa tukueleze habari za Mama Orpha, yule aliyeketi safu ya mbele, mwenye kitenge cha buluu na ndimu mkononi.

Mumewe, Fabien, alikuwa akivusha samaki kutoka kisiwa cha Kilwa, humu humu ziwani. Upepo uliupindua mtumbwi wakati nchi kavu inaonekana. Wenzake waliogelea wakafika. Yeye hakufika. Orpha hakulia; alikasirika. Alisimama ufukoni akimgombeza, kwamba siku zote alikuwa mtu wa kuchelewa, na kwamba safari hii amepita kiasi. Siku zikaenda, hasira ikaisha, na ilipoisha ndipo alipopanda kilimani.

Vijana wa kwaya walimwonyesha mawe ya kubebeka kwa mkono mmoja. Akayakataa yote.

"Fabien hakukuwa mutu ya kukunja miguu," akasema. "Mumutafutie jiwe ya kujinyoosha."

Akalichagua kubwa kuliko yote, jeupe kama ugali wa mihogo, lenye mshipa wa rangi ya kutu unaolipita katikati na kugawanyika mwishoni kama mkia wa samaki. Wakalishusha kwa miti na kamba, wakihema.

"Mama, kwa nini haukuolewa na mutu mufupi?" kijana mmoja akalalamika.

Orpha akacheka. Ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mtumbwi upinduke, nasi tuliokuwapo tulilia kwa ajili ya kicheko kile. Lile jiwe alilikosha mwenyewe. Likapumua.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, alikwenda kuliegemea. Marumaru hubaki baridi hata jua likiwa utosini, na mgongo wake uliochoshwa na kuinamia majiko ya kukaushia samaki ulipumzika hapo. Alikuwa akimwambia Fabien bei ya chisense sokoni Kashikishi, nani kagombana na nani, mchungaji kahubiri nini na kwa urefu gani. Mume hakumkatiza. Orpha alisema ndoa yao imekuwa tulivu.

TULIYOYAFANYA KWA JIWE HILI

Hatukulikalia jiwe kama kuku akalia yai la bata. Vipande vinavyomeguka vyenyewe kilimani huvichoma tukapata chokaa, na chokaa hiyo imepaka kanisa, vyoo na kuta za shule. Vumbi lake tunalichanganya na saruji. Sakafu ya kanisa uliyoikanyaga ulipowasili ni yetu, na viatu vyako vimekwisha kuona inavyong'aa. Bamba moja bapa liko kwenye kivuli pale sokoni: samaki akilala juu yake hachoki haraka. Jingine liko kwa mama anayekanda maandazi, maana unga haushiki. Kuku nao hupewa unga wa jiwe ili maganda ya mayai yawe magumu.

Kitu ambacho hatujawahi kukifanya ni kuyagusa mawe ya ufukoni. Hata mtoto anayejifunza kutembea huvutwa mkono asiyakalie.

KINACHOTUSUMBUA

Hapa tunaomba maji ya kunywa yasogezwe karibu na mgeni wetu.

Mwaka jana alikuja kijana wako, Kingsley. Kijana mpole, mwenye buti na kofia. Alipanda kilimani peke yake, akachagua jiwe, akapiga magoti, akatoa kichupa, akalidondoshea matone. Jiwe likatoa povu. Akainamisha kichwa kulitazama povu.

Orpha alikuwa akiokota kuni hapo karibu. Ungekuwa wewe, mgeni rasmi, na umelelewa nasi, ungefikiri nini? Kuni zikamwanguka. Akamwendea, akamshika bega.

"Pole, mutoto yangu. Uko unalilia nani?"

Kingsley hakijui Kiswahili. Alitabasamu, akatikisa kichwa kukubali.

Basi. Jioni ile alikuwa mfiwa wa kijiji kizima. Tulimpikia bukari, yaani ugali, na samaki mbichi, tukamtandikia mkeka, akina mama wakaketi naye kimya kama inavyotakiwa. Na kwa kuwa mfiwa hafichwi wafu wa wenzake, Orpha alimshika mkono akampeleka ufukoni, akamwonyesha mawe yetu moja baada ya jingine, akitaja majina. Kijana aliandika na kupiga picha. Tulisema, tazama, mtoto wa watu ana heshima, anawaandika marehemu wetu.

Leo tunaelewa kwamba kwenye kichupa mlikuwa na asidi, na kwamba ndivyo wenye kazi hiyo wanavyoitambua marumaru. Hatumlaumu Kingsley. Tulitaka kumuuliza mwenyewe leo. Tumeambiwa ana homa.

Ziwa lilipofungwa ili samaki wazae, tulihamia mashambani kuvuna mihogo, kama kila mwaka. Ufukoni hapakubaki mtu. Tuliporudi, hapakubaki jiwe. Palikuwa na alama za magurudumu mapana tu, na mashimo yaliyojaa maji. Orpha aliingia katika shimo lake akasimama, maji yakimfika magotini. Hakumgombeza mtu safari hii.

Tuliuliza. Kampuni ilisema labda ni wezi. Na baada ya kusema hivyo, kampuni ikatangaza zawadi: itatujengea chumba cha kuzalia akina mama. Haja hiyo tunayo kweli; mwenzetu alijifungua njiani kuelekea hospitali ya Nchelenge, juu ya baiskeli. Tulishukuru. Lakini tulijiuliza kwa nini zawadi imekuja mbio namna ile, kama mtu aliyefukuzwa.

Jana tulikuwa tukifagia uwanja huu. Jiwe la msingi la chumba hicho lilikuwa limekwisha kusimamishwa, limefunikwa kitambaa chekundu. Ratiba inasema lina jina lako, mgeni rasmi, kwa herufi za rangi ya dhahabu. Upepo wa ziwa hausomi ratiba. Uliinua pembe moja ya kitambaa mbele ya Orpha, na mlinzi akaishusha. Ilikuwa kitambo cha kupepesa jicho. Orpha akaketi chini palepale, ufagio mapajani.

"Ni Fabien," akasema. "Nimeona mukia."

Mwenyekiti wa kijiji chetu, Papa Zéphyrin, akamkimbilia. "Mama, nyamaza kwanza! Mawe yote inafanana."

"Weye na ndugu yako munafanana. Muke yako amekosea mulango hata siku moja?"

Watu wakacheka, Papa Zéphyrin hakucheka. Alisema chumba cha kuzalia ni cha walio hai, na kwamba mkono unaotoa haupigwi. Tulibishana mpaka sufuria zikaungua. Mwisho alimtazama Orpha, ambaye hakuwa ameinuka, akasema, "Muandike. Lakini muandike na heshima."

Tumeandika na heshima. Tunaongeza moja tu: jana kitambaa kile kilikuwa kimetandazwa. Leo kimefungwa kamba kila upande, na walinzi wamekuwa wawili.

OMBI LETU

Tuliandaa maombi mengi, ya barabara, ya kisima, ya kuambiwa kampuni inataka nini kilimani. Yote tumeyaweka kando. Tumebaki na moja.

Ratiba inasema baada ya risala utavuta kitambaa. Tunaomba usikivute. Tunaomba akivute Mama Orpha.

Jiwe likiwa geni, ataligeuzia mgongo, nasi tutakuomba msamaha mbele ya watu wote hawa, tutapiga vigelegele hadi kisiwani wasikie, na utamwaga saruji ukiimbiwa na kwaya.

Likiwa ni Fabien, hatutapiga kelele. Mama Orpha atamkamulia ndimu aliyoishika, kwa kuwa ametoka safari. Tunakuonya mapema: ndimu hula mng'ao wa marumaru, na pale itakapopita pataachwa doa. Mng'ao ni wa kampuni. Jiwe ni la mtu. Vijana wa kwaya wamekwisha kuleta miti na kamba, ziko nyuma ya kanisa, na shimo lake ufukoni tumelikausha asubuhi hii. Kisha tutaketi nawe, utuambie wenzake wako sakafu ya nyumba gani.

Chumba cha kuzalia tutakihitaji bado. Kijengwe juu ya tofali.

Jambo la mwisho tunalisema kwa upendo, kwa sababu wewe pia una mama. Hapa kwetu, jina linalotajwa juu ya jiwe jeupe ni la mtu aliyechukuliwa na maji. Hatukukutaja sisi. Walikutaja watu wako, kwa herufi za dhahabu.

Mungu akurudishe salama kwa barabara, akuepushe na upepo wa ziwa, na afute kila jina lililoandikwa pasipo pake. Mama Orpha, simama.

Ni sisi,
Umoja wa Akina Mama Wakausha Samaki na Wachoma Chokaa,
Libwe, ufuko wa Mweru, Nchelenge.
Imesomwa kwa niaba yao na Stéphanie, katibu.