Nusumtu Aliyebaki Mlangoni

Kila Jumamosi alasiri, baraza la mbele ya duka la fundi redio huwa letu: kahawa, dadu na karatasi nne. Mwalimu mstaafu hututungia hadithi, sisi kila mmoja anaendesha mtu wake humo ndani, aliyeandikwa kwenye karatasi, na dadu huamua nani apone. Dobi, anayepiga pasi nguo za mtaa mzima, huendesha nusumtu, kijitu kisichotufika kiunoni. Nusumtu wanajulikana: walafi, wachekeshaji, hatari ikija wanajificha kwenye pipa. Jumamosi iliyopita nusumtu wa Dobi hakujificha. Zimwi lilipokuja alisimama mlangoni peke yake, sisi wengine tupate kukimbia. Tangu siku ile Dobi haonekani, simu haipatikani, kibanda chake kimefungwa.

— Kosa lako, Mwalimu, akaanza fundi redio, tunayemwita Domo. Ungemkataza! Tangu lini nusumtu akapigana na zimwi?

— Nilimuuliza mara mbili, Mwalimu akajibu. Akasema, "Leo sikimbii."

— Alikuwa anatetemeka, akasema Mama Kahawa. Kikombe kilikuwa kinagongagonga kisahani.

— Mbona hukusema? nikamuuliza.

— Wewe mshona viatu ulikaa naye bega kwa bega. Mbona hukuona?

Nilikuwa nimeshughulika na upanga wa mtu wangu kwenye karatasi.

— Mimi nasema kahama, akadakia Domo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Hiyo methali inaingiaje hapa? akauliza Mwalimu.

— Si kainama, kapita, kaondoka! Kapata kazi hoteli kubwa, anaona haya kutuaga.

— Au yuko ndani, nikasema. Kaunguza suti ya mkubwa fulani.

— Ulimi wako huo! akafoka Mama Kahawa.

— Au kageuka kuwa yule nusumtu wake, Domo akashusha sauti. Msicheke. Miaka mitatu unavaa roho ya mtu mwingine, siku moja unasahau kuivua.

Dadu ikamponyoka Mwalimu, ikabingirika hadi mtaroni. Hakuifuata.

Hapo ndipo alipofika binti mmoja aliyevaa sare ya unesi, jalada kwapani.

— Shikamooni. Hapa ndipo penye mchezo wa dadu na hadithi?

— Marahaba, mwanangu, akajibu Mwalimu. Ndipo.

— Natoka wodini. Tuna mgonjwa, dobi. Alikuja mwenyewe Jumatatu, ana uvimbe tumboni. Anasema ameukimbia mwaka mzima. Kesho asubuhi anapasuliwa.

Mama Kahawa akaweka birika chini polepole.

— Anaogopa?

— Sana, mama. Usiku halali. Lakini hajatoroka.

Nesi akafungua jalada.

— Penye ndugu wa karibu kaandika "watu wa barazani". Mimi nahitaji jina moja tu. Nani kati yenu ndugu yake?

Domo, mwenye jibu la kila kitu, akatazama vidole vyake vya miguu. Nusumtu tulijua kwao, tulijua hata kwamba anaogopa mabata. Dobi hatukujua mama yake anaitwa nani, wala kama yu hai.

Kalamu ya nesi ikabaki hewani.

Mama Kahawa akamimina ndani ya chupa kahawa yote iliyobaki, akakaza kifuniko. Domo akaingia ndani kuzima redio za watu, akafunga duka. Mwalimu alishatangulia njia ya hospitali, bila fimbo yake ya kutembelea.